Kikombe cha Risasi cha Baba Yako

Jadida, Wete
Usiku wa kuamkia safari yako

Shaame mwanangu,

Salamu zangu utazikuta chini ya kanzu yako nyeupe, zimekunjwa pamoja na karatasi hizi. Utakapozifungua utakuwa Unguja, nami nitakuwa nimeshaitazama meli mpaka haionekani. Ziitikie kwa sauti, hata kama wenzako watakucheka. Mamako anasikia vizuri.

Saa hizi uko barazani unaagana na rafiki zako. Vicheko vyenu vinanifikia hapa kwenye cherehani, na chako nakitambua kati ya vyote kwa sababu huanza na kikohozi, kama cha baba yako. Nilitaka kutuma mtu akuite. Kisha nikasema, mwache. Kuanzia kesho nitakuwa na wakati mwingi wa kuusikiliza ukuta.

Ya kula, ya kufua na ya kuswali kwa wakati sikuandikii. Hayo nimekwambia tangu unatambaa. Yaliyoingia yameingia, na yaliyomwagika siwezi kuyazoa kwa kalamu. Nakuandikia jambo moja tu, lile tulilolizungumza jana kwenye chakula.

Ulikuwa umetia tonge kubwa la muhogo mdomoni, macho yanang'ara. Ukanambia, "Mama, Bwana Suwedi ana kabati zima la bunduki. Kasema nichague niipendayo, na nikiichoka nirudishe nichukue nyingine."

"Zipi hizo?"

"Za kila namna! Bastola peke yake zina rafu yao. Kuna ya Kitaliani, kuna ya Kijerumani, kuna moja ndogo hivi, ukiitia mfukoni hata aliyekushonea mfuko hajui."

"Na weye wenda kulinda ghala au wenda kufungua duka?"

Ukacheka. Kisha ukanambia kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto, "Mama, weye hujui bunduki."

Nilikuwa natoa miba kwenye kipande cha samaki changu. Nikaendelea kutoa miba, nikakiweka kwenye sahani yako, ukakila bila hata kukitazama. Mwanamume wa kwenda kubeba silaha, na bado waamini kuwa mamako kaitoa miba yote! Nimelifikiri hilo leo kutwa mpaka uzi ukanishinda kutia kwenye sindano.

Mie najua bunduki, Shaame. Naijua moja.

Baba yako alikuwa mlinzi wa ghala la karafuu la Bwana Suwedi, huyu huyu unayekwenda kwake, kabla hajahamia Unguja. Siku alipoajiriwa alipewa bastola ya zamani, ile ya gurudumu lenye matundu. Mpini wake ulikuwa wa mti na rangi ilishatoka. Ilikuwa nzito, na ilikuwa na tabia ya kupeleka risasi kushoto kidogo. Baba yako aliijua tabia hiyo kama nnavyoijua mie tabia ya mlango wetu wa uani, kuwa ukiusukuma tu haufunguki, sharti uunyanyue kwanza. Alikuwa akiisafisha kwa mafuta ya cherehani yangu. Mafuta yakiisha kabla ya wakati, nikimwuliza, hunambia, "Mke mwenzio kayanywa." Mpaka leo nikifungua kichupa kile nikanusa, sikumbuki nguo hata moja niliyoshona. Namkumbuka yeye.

Kifyatuo chake, pale unapotia kidole, kilikuwa kigumu. Alinipa siku moja nikivute, haina kitu ndani, mdomo wake umeelekezwa chini kwenye mchanga. Kilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Kwanza unakataa, kisha unalegea kidogo, kisha ndipo. Nikamwuliza, "Mbona huombi iliyo laini?"

"Laini ya nini? Ugumu huno ndio unaonipa muda wa kufikiri."

Na alikuwa na desturi yake. Akirudi asubuhi kutoka ghalani haingii chumbani na bastola iliyojaa. Huketi kwenye kibaraza cha uani, kando ya mlango, hulifungua gurudumu, huinamisha, na risasi zikaanguka moja moja ndani ya kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono. Ting. Kisha nyingine, ting. Hakuwa na haraka. Mie nakuwa bado kitandani nawe, umenilalia kifuani, nasikiliza. Sita zikishalia hulinyanyua gurudumu kwenye mwanga, akachungulia kila tundu, ndipo akaita, "Bikombo, nimefika."

Mie nakuwa nimeshajua. Ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikiniinua nikawashe moto.

Nilikuwa mdogo, mwanangu. Nilikuzaa wenzangu bado wanacheza kombolela. Iko siku nilikulaza nikawasikia wanakimbia huko nje, nikatoka mbio kwenda kujificha nao. Baba yako alinikuta nyuma ya pipa la maji. Hakunigombeza. Alinionesha kwa kidevu tu, upande wa chumba ulikolala. Nikarudi. Watu wakikwambia mama yako alikulea, waambie tulilelewa pamoja.

Sasa sikiliza hili, maana hili hujapata kulisikia.

Ulikuwa huna meno hata manne ukashikwa na homa, mwili moto, unageuza macho. Mvua ilikuwa kubwa sana, na alfajiri ilikuwa bado ina kiza. Nilikutia mgongoni, nikajifunika turubai la karafuu, nikashika njia ya ghalani kumwita baba yako tukupeleke hospitali. Mvua juu ya mabati ya ghala ilikuwa inapiga kelele mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Nikapita nyuma, penye magunia, kwa kuwa ndiko kuliko karibu. Na huko nyuma ndiko wezi walikokuwa wakipita.

Nikasikia, "Nani?"

Nikajibu, "Mie!"

"Nani weye?"

"Mie!"

Umeme ukapiga, nikaona bastola imenielekea kifuani. Nikauona uso wa baba yako na najua yeye hakuuona wangu. Aliona turubai lenye kibyongo. Kibyongo hicho kilikuwa weye. Kisha bastola ikashuka, polepole, akaja mbio akanishika mabega.

Baadaye, umeshapata dawa na umelala, alinambia kuwa alikuwa ameshaanza kuvuta. Kidole kilikuwa kimefika pale mlango unapokataa. Alikijua kituo kile. Alikuwa amekipita na kurudi mara nyingi sana, bastola tupu, akiwa amekaa peke yake ghalani. Akasimama hapo hapo, akangoja pumzi moja, ndipo akasikia kilio cha mtoto ndani ya mvua. Kisha akajaribu kucheka. "Bikombo, siku nyingine ukija taja jina. Dunia nzima inaitwa mie."

Basi ndiyo maana nasema naijua bunduki moja. Ilipata kunitazama, na mie na weye tuko hai kwa sababu aliyeishika aliijua vizuri.

Miaka ikapita, Bwana Suwedi akaingiwa na mapenzi ya silaha. Kila akisafiri hurudi na mpya, na kibali chake. Alikuwa mtu mkunjufu, na bado ndivyo alivyo. Hapendi kufurahi peke yake. Siku moja alimkuta baba yako kaketi mlangoni mwa ghala akamwambia, "Yakhe Faki, utazikwa na kikongwe hicho? Hebu jaribu hii."

Baba yako akajaribu. Wiki hii akaja na ndefu, wiki ijayo na fupi. Sikwambii alikuwa mjinga. Alikuwa amefurahi, kama ulivyokuwa jana. Nami nilifurahi naye. Alikuwa akivaa koti lake la kaki na kitu kinachong'aa kiunoni, majirani wanachungulia, nami nikasimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kumuaga mtu. Kila moja akaifungua akaiangalia, akamwuliza bwana hiki nini na hiki nini. Maneno aliyashika. Lakini maneno hukaa kichwani, na bastola hushikwa na mikono.

Ikaja ile bapa. Haikuwa na gurudumu. Risasi zake zilikaa ndani ya mpini, kwenye kisanduku kinachochomolewa kwa chini. Baba yako aliipenda kuliko zote. Alisema ni nyepesi, na kifyatuo chake ukikigusa tu kimeshakubali.

Asubuhi hiyo weye ulikuwa umeshakwenda chuoni na juzuu yako. Nikasikia miguu yake uani. Nikamsikia anakaa kwenye kibaraza. Kisha nikasikia kitu kimoja kinawekwa chini kando ya kikombe, tak, basi.

Kikombe hakikulia.

Shaame, nilikisikia kimya hicho. Nilikisikia kama nnavyousikia moyo wangu. Nikasema peke yangu, leo kamaliza upesi, vitu vipya vina wepesi wake. Nikaamka nikaenda kupuliza moto. Sikumwuliza, "Mbona kikombe hakijalia?" Maneno machache tu. Nimeyasema tangu siku ile mara nyingi, nikiwa nafagia, nikiwa nashona, nikiwa njiani kwenda kuchambua karafuu, na hakuna wa kunijibu.

Alikuwa amechomoa kisanduku, akakiona kimejaa risasi, akakiweka kando. Kwa ile ya zamani, ukishatoa ulichokitoa, kazi imekwisha. Lakini ile bapa huacha moja juu, kooni, na ukichomoa kisanduku haishuki nacho. Bwana alikuwa amemwambia. Akatia kiganja cha kushoto mbele ya mdomo wa bastola aushike na kitambaa, apanguse, kama alivyofanya kila siku ya Mungu, na kidole cha kulia kikakigusa kifyatuo.

Ulifuatwa mbio chuoni, ukakuta uani kumemwagwa mchanga mpya. Uliniuliza mchanga ule wa nini. Nikakwambia wa kuku.

Jeraha la mkono halikuwa la kumuua. Wala hakulia. Tulimfunga kwa kitambaa na majani, akasema utapona, na mpaka tunampeleka hospitali siku zilikuwa zimeshapita. Pepopunda ikamshika taya. Kabla halijafunga kabisa alinambia, kwa tabu, "Bikombo, mikono yangu ilishajua kuwa nimemwaga. Macho hayakuulizwa."

Weye nilikwambia Mungu kamchukua, na ni kweli, lakini nikanyamazia yaliyobaki. Nilidhani nikikuficha bunduki utazisahau. Wenzako walikata pongoo, ile miti migumu ya makuti ya minazi, wakajitengenezea bastola, nawe ukatengeneza yako, nzuri kuliko zao, ina mpaka kamba ya kutia begani. Niliivunja kwenye goti langu mbele yao. Ukatengeneza nyingine nikaitia jikoni, ukasimama unaitazama inavyoungua, midomo imekaza. Hukulia. Laiti ungelilia ningelikupakata nikakwambia kila kitu. Badala yake nikakupiga kwa kuwa hukulia. Hilo nalijutia kuliko bastola zote za bwana. Matokeo yake umekua unazitamani zote, kama mtoto aliyekatazwa sukari, na hujapata kufundishwa hata moja.

Sikumlaumu Bwana Suwedi, naye alibeba jeneza toka mlangoni mpaka kaburini hakutaka kupokewa. Bunduki ile bapa pia sikuilaumu. Lakini kwa nini mtu mwangalifu kama baba yako akosee, sikupata kuelewa mpaka mwaka ule cherehani yangu ilipokwenda kwa fundi. Wamkumbuka bibi harusi wa Mtemani ambaye nguo zake zilichelewa? Nilikuwa na shimizi zake, na harusi imefika. Jirani akaniazima cherehani yake ya miguu. Yangu, wajua, ni ya mkono. Nikiacha kuzungusha inasimama papo hapo. Nilishona vizuri, nikajisifu. Kisha kitambaa kikakunjika, nikaacha kama nnavyoacha siku zote nikapeleka kidole kukinyoosha. Mikono iliacha. Miguu ilikuwa inaendelea. Sindano ikapita kwenye kucha ikatokea upande wa pili. Kovu hili ulikuwa ukilibusu ulipokuwa mdogo, unaniuliza, "Lauma, mama?" Haliumi. Lakini siku ile, kidole kiko chini ya sindano na damu inaingia kwenye shimizi ya watu, nilisema kwa sauti, "Faki, nimekufahamu."

Sisemi bwana hajui silaha zake. Yeye ana siku nzima ya kukaa nazo, na akizichoka huzirudisha kabatini akanywa kahawa. Weye utakuwa macho wakati umechoka, umelowa, una njaa, na mtu anakuja kwenye kiza. Hapo kichwa hakikumbuki ulichofundishwa wiki iliyopita. Hapo mikono hujifanyia ilichozoea. Nataka mikono yako iwe imezoea kitu kimoja.

Na siku zenyewe ndizo hizi unazoziona. Watu wanaulizana chama hata kwenye mazishi. Yuko wa kukataa kununua chumvi kwa ndugu yake. Ghalani kwako atapita mlevi, atapita mwizi, atapita mtoto wa mtu kabeba barua za wakubwa wake kwenye kiza. Wote wakiulizwa watasema mie. Baba yako alilinda karafuu. Linda karafuu. Akija mtu kukwambia ulinde ugomvi wake, mwambie kazi hiyo hukuajiriwa.

Sasa nakwambia nilichokifanya, na usinikasirikie mpaka umemaliza kusoma.

Bwana Suwedi alipokuja Wete msimu huu na mkewe, nilipeleka kanzu zake mwenyewe. Nikaingia uani kwa Bi Zuwena, nikamkuta anachagua mchele.

"Sabalkheri, Bi Zuwena."

"Akheri, Bikombo. Njoo, keti kitako. Kanzu za bwana tayari?"

"Tayari. Lakini nina haja nyingine. Ile bastola ya zamani ya gurudumu, aliyokuwa nayo marehemu, bado ipo?"

Alicheka mpaka ungo ukataka kumponyoka. "Bikombo! Huyu bwana na bunduki ni kama mie na kanga. Meli ikitia nanga, huyoo, kaenda kununua. Lakini kutupa hatupi. Ipo, chini kabisa ya kabati. Vijana hawaitaki, wanasema bunduki ya bibi."

"Basi namwombea Shaame apewe hiyo, na asipewe nyingine."

Akaacha kucheka. Akanitazama, akaweka ungo chini, akaingia ndani kwa mumewe. Nilisikia wanazungumza lakini sikusikia maneno. Aliporudi aliketi karibu nami zaidi kuliko mwanzo.

"Bwana kasema hana neno. Kasema ataitia mafuta kwa mkono wake. Lakini kasema pia, mlinzi hachaguliwi silaha na mamake. Mtoto aiombe mwenyewe. Asipoiomba, atapewa kama wenzake."

Nikasema, "Haki yake."

Na nilimaanisha. Ningeweza kukwambia jana, lakini ungekataa mbele yangu, na mtu akishamkatalia mamake huona haya kurudi nyuma. Ndiyo maana nimeandika. Huko ulipo sikuoni. Ukikunja uso, kunja. Ukisema "bi mkubwa huyu!", sema. Kisha lala, na asubuhi uende kwa Bwana Suwedi kabla hajafungua kabati, umwambie, "Nimekuja kuomba ya baba yangu." Wenzako watakuita bibi. Waache. Mie niliitwa mjane ningali sijaota magego yote, na jina halikunivunja mfupa.

Ukishapewa, usiwe na haraka ya kuipenda. Kaa nayo tupu. Vuta kifyatuo mdomo wake uko kwenye mchanga, mpaka ujue mlango unakataa wapi na unalegea wapi. Jua inapeleka kushoto kiasi gani. Na siku ukijiona umeizoea sana, ndiyo siku ya kuchungulia matundu mara mbili.

Na ikitokea hukuiomba, au umeiomba ukanyimwa, ukaja kushika nyingine yoyote, mie bado ni mamako na sikulaani. Lakini kwenye mkoba wako, ndani ya kofia niliyokushonea, nimefunga kikombe. Ndicho kile kile, kilichovunjika mkono. Nimekinywea kahawa tangu baba yako aondoke, na hukupata kuniuliza kwa nini nakunywa kwenye kikombe kibovu wakati vizima vipo. Leo nimekiosha nikakikausha kwa kanga yangu. Usiingie unapolala mpaka umemwaga risasi humo, moja moja, bila haraka. Na kama ni ile bapa, Shaame, na iliyo kooni nayo iteremke ilie. Usiinuke mpaka umeisikia.

Nimechoka mwanangu, macho yanauma na taa inataka mafuta. Kitanda chako nimeshakitandika kwa ajili ya kulala usiku huu tu, na kesho sijui nitakitandika kwa ajili ya nani. Nitakitandika. Nitapika muhogo mwingi kwa kusahau. Nitatoa miba kwenye samaki nikamaliza, nikamwangalia, kisha nikamla mwenyewe.

Nasikia kikohozi chako njiani, unacheka na mtu, waja. Nakunja karatasi. Utaingia unikute nashona kama kwamba si lolote.

Lakini asubuhi ukiwa huko, umetoka kazini, umeketi mlangoni na kikombe umekiweka chini, jua kuwa mie kuno nimeshaamka, nipo kitandani, nimenyamaza, nahesabu pamoja nawe. Ile ya mwisho ikishalia, nitajua umefika. Ndipo nitakapoinuka nikawashe moto.

Mamako,
Bikombo